Meneja mafunzo: kazi ambayo nusu yake ni kukataa semina

Bosi aliniita ofisini saa mbili asubuhi, hata gambuti sijavua. "Wakata minofu wa zamu ya usiku wameharibika," akasema. "Kila kilo 100 za sangara wanatoa minofu pungufu kuliko wenzao wa mchana. Andaa mafunzo, wiki hii hii." Nilikuwa na miezi mitatu tu kwenye cheo cha afisa mafunzo, katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza ambacho sitakitaja, na nilikuwa na hamu ya kuonekana nafanya kazi. Nikaandaa. Siku mbili, projekta, chai na maandazi, karatasi ya mahudhurio yenye sahihi thelathini na kitu. Zamu ya usiku ikarudi kwenye meza zake, na minofu ikaendelea kupungua vilevile.

Ndipo nikaenda kukesha nao. Usiku wa kwanza sikuona kitu. Usiku wa pili, kama saa nane, mama mmoja wa Kisukuma ambaye wote pale walimwita Mayu alinionyesha kisu chake bila kusema neno. Alikipitisha chini ya ngozi ya samaki, kikateleza. Akarudia, kikavuta mnofu na kuacha nyama imeganda mfupani. Mnoa visu wa kiwanda, kumbe, alikuwa anatoka saa kumi na mbili jioni. Zamu ya mchana ilianza na visu vikali na kubadilishiwa kila vilipochoka. Ya usiku ilirithi makapi. Nyama iliyokosekana kwenye minofu ilikuwa inatoka kiwandani na mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishakatwa, na nadhani akina mama waliokuwa wakigombania mapanki nje ya geti ndio peke yao waliojua siku nyingi kwamba ya usiku yana nyama zaidi.

Dawa ilikuwa mnoaji mmoja wa usiku. Semina yangu haikuwa mbaya, ila nilikuwa nimempa mgonjwa wa malaria dawa ya minyoo.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu kila mwaka, wanafunzi wanapokuja kwa mafunzo ya vitendo, wapo wanaonivuta pembeni na kuuliza mtu anafikaje kuwa meneja mafunzo. Wengi wanawaza mtu mwenye suti, maiki mkononi, pawapointi ukutani. Sehemu hiyo ipo, lakini ni ndogo na ndiyo rahisi. Kazi yenyewe ni kujua tatizo lipi la kazini linatibika kwa kufundisha na lipi halitibiki, kisha kuwa na ushahidi wa kutosha wa kumwambia hivyo mtu aliyekuzidi cheo.

Vyeo vinavyochanganywa

Mkufunzi ni yule anayefundisha. Anaweza kuwa mwajiriwa, anaweza kuwa wa kukodi kwa siku tatu. Afisa mafunzo anaratibu: nani anaenda kozi gani, lini, kwa bajeti ipi, kumbukumbu zinakaa wapi. Meneja mafunzo anaamua kipi kifundishwe na kipi kisifundishwe, anatetea bajeti mbele ya wakurugenzi, na lawama zikija zinatua mezani kwake. Juu yake, mara nyingi, yuko meneja rasilimali watu, ambaye mafunzo ni kipande kimoja tu cha mzigo wake pamoja na ajira, mishahara, nidhamu na likizo.

Hayo ni kwenye karatasi. Kwa Mwanza halisi, kampuni yenye wafanyakazi 40 haina meneja mafunzo. Ina dada mmoja wa rasilimali watu anayefanya yote hayo na bado anaagiza maji ya ofisi. Cheo hiki utakikuta kwenye benki, migodi ya ukanda huu kuanzia Geita, viwanda vikubwa, hospitali kubwa na baadhi ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Halmashauri hazitumii jina hilo. Kazi hiyo iko mikononi mwa maafisa utumishi. Kwa hiyo ukitafuta tangazo la kazi lenye maneno "meneja mafunzo" unaweza kuzeeka unasubiri. Watu wengi wanaifanya kazi kwanza, cheo kinawakuta njiani.

Hajui, hana nyenzo, au haimlipi?

Robert Mager, Mmarekani aliyeandika sana juu ya ufundishaji kazini, alikuwa na swali la kuchujia maombi ya mafunzo: je, huyu mtu angeweza kuifanya kazi hii kama maisha yake yangetegemea hilo? Kama jibu ni ndiyo, basi anajua tayari. Kumfundisha tena ni kumpotezea muda na kumtukana kidogo. Tatizo liko mahali pengine, na kazi yako ni kupatafuta hapo mahali.

Mimi huligawa hivi. Kuna asiyejua: mpya kazini, au mashine imebadilika, au mfumo wa kompyuta umekuja na hakuna aliyemwelekeza. Huyu mfundishe. Kuna anayejua ila hana nyenzo, kama Mayu na kisu chake. Mhudumu wa hoteli anayechelewesha chakula huku jikoni jiko moja kati ya matatu ndilo linalowaka naye yumo kundi hilo. Ukimpeleka semina ya huduma kwa wateja atarudi anatabasamu vizuri zaidi na chakula bado kimechelewa.

Kundi la tatu ndilo gumu, na ndilo linalozikwa kila siku chini ya neno "mafunzo". Ni la watu wanaojua, wana kila kitu, ila kufanya sawasawa kunawaumiza. Niliwahi kuombwa nifundishe madereva namna ya kujaza daftari la safari, maana walikuwa wanajaza ovyo. Madereva wale walikuwa wanajua kuandika kuliko mimi. Nilipokaa nao kwenye kivuli cha karakana, mmoja wa makamo akacheka: "Kaka, ukiandika ukweli kwamba ulifika Sengerema ukarudi siku hiyohiyo, posho ya kulala inakatwa. Ukiandika vibaya, mhasibu anachoka kuuliza." Hapo ungemfundisha nini? Kwamba aandike vizuri ajikate mwenyewe? Kilichohitajika ni kikao cha utawala kuhusu viwango vya posho, na mimi sikualikwa kwenye kikao hicho mpaka nilipokwenda na maandishi ya madereva 12 waliosema kitu kimoja kila mmoja kwa wakati wake.

Sasa, bosi haambiwi "hapana" hivihivi, hasa bosi wa Kanda ya Ziwa aliyejenga kampuni yake kuanzia karai moja la dagaa pale Mwaloni Kirumba. Mwambie, "Sawa mzee, nipe siku mbili nione kazi inavyofanyika ili mafunzo yalenge." Siku mbili hakuna anayekunyima. Ukirudi, rudi na mambo matatu: ulichokiona, gharama ya tatizo kwa mwezi, na gharama ya dawa. Mnoaji wa usiku alipitishwa kwa dakika chache kwa sababu nilipima mapanki ya zamu zote mbili kwenye mzani uleule wa kiwanda. Hakuna nadharia iliyonisaidia siku ile kama ule mzani.

Pesa, sheria na samaki waliokataliwa

Vijana wengi huja kwenye kazi hii kwa mlango wa "napenda kuelimisha watu". Ni jambo jema, ila wakurugenzi wanasikia zaidi lugha ya pesa na ya kesi, na lugha zote mbili unazo ukizitafuta.

Tuanze na tozo ya kuendeleza ujuzi, ile inayoitwa SDL. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi huilipa kila mwezi Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa kukokotoa asilimia ya jumla ya mishahara. Huko nyuma ilikuwa asilimia 6, imekuwa ikipunguzwa, na mwaka 2023 ilifika 3.5. Kwa kiwango hicho, kampuni inayolipa mishahara ya shilingi milioni 100 kwa mwezi hutoa milioni 3.5, yaani milioni 42 kwa mwaka. Haikatwi kwa mfanyakazi, ni mzigo wa mwajiri. Ng'ambo ya ziwa, mwajiri wa Kisumu hulipa mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, NITA, shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akitimiza masharti anaweza kudai arudishiwe gharama za mafunzo aliyoyatoa. Kwetu hela haimrudii mwajiri mkononi namna hiyo. Ndiyo maana mkurugenzi atakuambia kwa uchungu kwamba mafunzo alishayalipia serikalini.

Usibishane naye. Sehemu ya tozo hiyo huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na VETA ya Mwanza iko Nyakato, mwendo mfupi tu wa daladala. Wanaandaa kozi fupi kwa mahitaji ya mwajiri, na wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa anachokijua na kupewa cheti bila kurudi darasani miaka. Mwanza imejaa mafundi wa namna hiyo: wachomeleaji, mafundi wa majokofu, mafundi wa injini za boti. Meneja mafunzo anayejua njia ya kwenda Nyakato ana thamani kuliko anayejua majina ya hoteli za semina.

Lugha ya kesi ndiyo yenye nguvu zaidi. Tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na chini yake kanuni za utendaji bora zilizotangazwa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42. Kanuni hizo zinamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni aonyeshe kwamba alimpa mwongozo, maelekezo au mafunzo pale yalipohitajika, na muda wa kujirekebisha. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, swali halitakuwa kama bosi alikasirika. Litakuwa: mlimfundisha nini, lini, nani alimfundisha, na iko wapi karatasi? Niliwahi kuona mwajiri akiingia pale na wakili mzuri na hoja nzuri, faili la mafunzo likiwa na karatasi moja tu ya mahudhurio isiyo na tarehe. Sahihi zilikuwepo. Mada haikuandikwa. Ile karatasi iligeuka kuwa shahidi wa upande wa pili.

Kwa hiyo kazi ambayo vijana huidharau, kutunza kumbukumbu, ndiyo inayokujengea heshima. Jedwali moja la Exceli lenye majina ya wafanyakazi upande mmoja na kazi zote muhimu upande mwingine, likionyesha nani anaiweza kazi ipi na nani yuko njiani, linakueleza mambo ambayo hata meneja uzalishaji hayajui. Kwa mfano, kwamba mtu mmoja tu ndiye anayejua kuwasha jenereta la akiba, na mtu huyo anastaafu mwakani.

Kwa viwanda vya samaki kuna sababu ya tatu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Waliokuwa Mwanza wakati huo wanakumbuka mialo ilivyonyamaza. Tangu hapo mnunuzi wa Ulaya haangalii mnofu tu. Mkaguzi anapokuja hufungua faili kuona kama anayeshika samaki alifundishwa usafi na udhibiti wa hatari, na kama mafunzo yalirudiwa. Upande wa migodi, kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zinadai mpango wa ajira na mafunzo, pamoja na mpango wa Mtanzania kurithi nafasi ya mgeni. Mpango huo lazima mtu auandike. Mara nyingi ni wewe.

Njia ya kufika

Shuleni napita haraka, maana habari zake zinapatikana kirahisi. Shahada ya rasilimali watu au utawala ndiyo tiketi ya kawaida. Chuo Kikuu cha Mzumbe kinajulikana kwa hilo, na hapa Mwanza kuna chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe pamoja na kampasi za vyuo vya TIA, IFM na CBE. Walimu wanaotoka madarasani huwa wazuri sana wakishaacha kumwita mtu mzima "mwanafunzi". Vyeti vya nje, kama vya vyama vya wataalamu wa rasilimali watu, CIPD ya Uingereza au SHRM ya Marekani, vinasaidia ukitaka benki kubwa au mgodi. Vina bei, kwa hiyo usivikimbilie kabla hujajua kama kazi yenyewe unaipenda.

Ila waliofika mbali ninaowajua mimi, nusu yao walitoka sakafuni. Msimamizi wa zamu aliyekuwa akielekeza wapya vizuri, muuguzi aliyekuwa akipewa wanafunzi wote wa vitendo, karani wa benki aliyeandika kwa mkono namna ya kufunga hesabu za siku na wenzake wakawa wanapiga picha daftari lake. Hawa wana kitu ambacho chuo hakikupi: wakisema kazi inafanyika hivi, hakuna anayewacheka mgongoni.

Ukiwa afisa wa kawaida wa rasilimali watu na unaitaka njia hii, omba upewe mafunzo elekezi ya wapya. Hakuna anayeyataka. Kawaida mgeni huonyeshwa choo, kantini na mahali pa kusaini, basi. Mimi nilianza na mbinu kongwe ambayo Marekani iliieneza viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili, mafundi walipokwenda jeshini na viwanda vikajaa watu wasiowahi kushika mashine. Ina hatua nne: mwandae mtu atulie na ujue anachokijua, mwonyeshe kazi kipande kwa kipande ukimweleza kwa nini, mwache afanye huku yeye ndiye anaeleza, kisha mwachie kazi na urudi kumtazama mara kwa mara. Mayu alikuwa akiwafundisha mabinti wapya hivyohivyo, na hakuwahi kusikia habari za Wamarekani. Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka. Binti akiitikia kwa kichwa tunadhani ameelewa, kumbe anaheshimu.

Jambo jingine ni kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kitu kilichokaririwa mara moja hupotea haraka sana mwanzoni, na kukirudia kwa vipindi ndiko kunakokikalisha. Alitumia silabi zisizo na maana, kwa hiyo usilinganishe moja kwa moja na kukata minofu. Hata hivyo, tangu nisome hilo nimeacha semina za siku mbili kwa watu wa zamu. Dakika 15 kabla ya kuingia, jambo moja, likirudiwa wiki ijayo na baada ya mwezi. Inachosha kuratibu, na hakuna picha nzuri ya pamoja ya kubandika ukutani.

Utakutana pia na kanuni ya 70-20-10: kwamba asilimia 70 ya kujifunza hutokana na kazi yenyewe, 20 kwa watu wengine, 10 darasani. Wazo ni zuri. Tarakimu zenyewe usiziapie, maana asili yake ni mameneja walioulizwa wanakumbuka walijifunzia wapi, si kipimo cha maabara. Nimemwona mtu akiitumia kukata bajeti ya darasa kwa asilimia 90.

Umejuaje kama yamefanya kazi?

Donald Kirkpatrick alieleza mwaka 1959 ngazi nne ambazo bado zinatumika: waliyapenda, walijifunza, wamebadili wanavyofanya, matokeo ya kazi yamebadilika. Ofisi nyingi zinaishia ya kwanza. Ile fomu ya mwisho wa semina, "ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje", hupima ukumbi na chakula. Na kwa kuwa kwetu semina imefungamana na posho, fomu hizo zote hurudi na alama za juu. Nani atamkosoa mpishi wa pilau? Mfanyakazi akiteuliwa kwenda semina Dar hatuambizani amepelekwa kujifunza nini, tunasema "kapata safari". Hilo limenikera miaka mingi na sina dawa yake kamili, zaidi ya hii: anayerudi ana wiki moja ya kuwafundisha wenzake wawili, na msimamizi wake anasaini kwamba ameona.

Ngazi ya tatu haihitaji fomu. Nenda baada ya wiki sita, simama, tazama. Ya nne chukua namba ambazo kampuni tayari inazihesabu, kilo, ajali, malalamiko, muda, na uwe mkweli kwamba namba hizo husukumwa na mambo mengi. Minofu ikipanda mwezi ambao sangara wakubwa wameingia kwa wingi, usijipigie makofi.

Siku hizi hutokea nikakaa upande wa pili wa meza ya usaili. Swali langu ni moja na halibadiliki. Nawapa habari ya zamu ya usiku kama bosi alivyonipa mimi, bila kutaja visu, na kuwauliza wangeanzaje. Wengi huanza na ratiba ya semina, malengo, idadi ya washiriki, na hupanga vizuri kuliko nilivyopanga mimi. Mara ya mwisho binti mmoja, ambaye cheti chake hakikuwa kizuri kuliko cha wenzake, alifikiri kidogo, akauliza hiyo zamu inaingia saa ngapi. Nikamwambia saa moja jioni. Akauliza kama gambuti zinatolewa au aje na zake.

Nikamuuliza anavaa namba ngapi.